Jembe la Kwanza kwenye Kaburi la Naelijwa

Sogeeni, sogeeni. Mwenye simu aiweke kifudifudi, na mwenye mtoto ampakate vizuri, maana sipendi kukatizwa. Tena nawaambia mapema ili msije mkanilaumu baadaye: mwishoni siwapi jibu. Sina. Nimelitafuta mpaka kichwa kimeniuma, sasa nimekuja kuwatwisha na nyie.

Kulikuwa na kijiji kinaitwa Majabali. Juu milima, chini mawe, katikati watu na migomba yao. Kupanda mche pale ni kazi, na kuchimba kaburi ni adhabu. Vijana wanane wenye nguvu zao wanaanza alfajiri na kumaliza saa nane mchana, mitaimbo miwili imepinda na mmoja wao anachechemea. Ndiyo maana watu wa Majabali walimpima binadamu kwa jambo moja tu: anakuja kuchimba, au haji?

Katika kijiji hicho walikuwepo watu wanne waliojaliwa.

Wa kwanza ni Mzee Kajiru, mwenyekiti wa chama cha kuzikana. Huyu alijaliwa kumbukumbu. Hakuandika popote, lakini alijua nani alikuja msiba gani, alifika saa ngapi, alibeba nini mkononi, na aliondoka kabla ya chai au baada ya chai. Ukikosa msiba ukampa sababu, sababu yako nayo aliikumbuka, pamoja na sura uliyoivaa wakati unaitoa.

Wa pili ni Mwalimu Mgonja, mstaafu. Huyu alijaliwa kusoma. Barua ya serikali ikifika imejaa mihuri na vifungu, watu walimpelekea. Aliisoma mara moja, akavua miwani, akawaambia kwa maneno matatu wanachodanganywa.

Wa tatu ni Nietiwe, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, mama wa makamo. Huyu alijaliwa kusema. Alishawahi kumsimamisha afisa kutoka wilayani katikati ya mkutano na kumwuliza swali moja mara nne, mpaka yule bwana akatoa leso.

Wa nne ni Sangiwa, na yeye alijaliwa mikono. Mikono mipana, migumu, isiyochoka. Ningekuwa na mikono ile nisingekuwa nimekaa hapa kuwapigia hadithi.

Halafu alikuwepo Mama Naelijwa. Huyu hakuwa na kipaji ambacho mtu aliwahi kukitaja. Alikuwa na shamba la tangawizi, kadi ya kupigia kura, na binti mmoja, Naelijwa. Basi huyu ndiye tutakayemfuata.

Majabali walikuwa na desturi ya tangu mababu, wakiiita jembe la kwanza. Mtu akifa, kabla kaburi halijaguswa, aliyemzaa anashika jembe. Kama hayupo, anashika aliye karibu naye kuliko wote. Analipeleka kwa mtu aliyemkosea marehemu, mbele ya watu wote. Huyo aliyepelekewa analipokea, anapiga ardhi mara moja, anasema, "Nisamehe." Wachimbaji ndipo wanaingia kazini. Ikiwa marehemu hakukosewa na mtu, mfiwa anapiga mwenyewe na kusema, "Simdai mtu." Hakuna njia ya tatu.

Msicheke. Watu waliliogopa jembe hilo kuliko polisi. Kuna wanaume waliacha kupiga wake zao kwa sababu yake tu. Kuna ndugu walirudishiana mipaka ya shamba mgonjwa akiwa bado anahema, ili siku ya siku jembe lisije likawasogelea mbele ya wakwe.

Sasa siku moja, kwenye msiba fulani, ndugu wawili nusura wapigane, kila mmoja anasema jembe ni la mwenzake. Sangiwa akasimama. Akasema, "Nipeni mimi. Mimi ni mtoto wa wote. Kama marehemu alikosewa, tulimkosea sote. Acheni nimwombe msamaha kwa niaba yenu." Akapiga ardhi, akasema nisamehe, akavua shati akaingia shimoni, na hakutoka mpaka kaburi lilipokwisha.

Watu walilia kwa ahueni. Hakuna aliyeaibika, hakuna aliyetajwa. Msiba uliofuata wakamtazama yeye, akapokea tena. Na uliofuata. Katika miaka mitatu Sangiwa alikuwa ameomba msamaha kwenye makaburi arobaini na moja, na hajamkosea hata marehemu mmoja. Na wale waliokosa walikaa pembeni wanakunywa uji.

Mumewe Mama Naelijwa alifariki masika. Wachimbaji walikuta jabali futi tatu chini, mvua inamwagika, vijana wakakata tamaa wakapanda juu. Sangiwa alibaki peke yake mle ndani, magoti kwenye tope, anapiga mtaimbo mpaka jabali likapasuka. Alipotoka, Mama Naelijwa aliona damu viganjani mwake. Hilo hakulisahau. Angelisahauje? Hata mimi nisingelisahau.

Ukaja uchaguzi wa diwani. Waliosimama ni wawili: Sangiwa, na Nesi Foibe wa zahanati.

Nesi Foibe alikuwa mkunga pale miaka tisa, peke yake. Alisimama jukwaani akasema anataka mambo mawili: mkunga wa pili, na nyumba ya huyo mkunga kulala. Basi. Hakujua kupamba maneno. Sangiwa alipopanda alinyoosha mikono yake juu, akasema, "Hii mnaijua. Nitawazika wote kwa heshima." Uwanja mzima ukasimama.

Nyumbani, wakimenya tangawizi, Naelijwa alimwambia mama yake, "Mama, tumpe Nesi."

"Nesi hakuja kumzika baba yako."

"Alikuwa anazalisha, mama."

"Watu wanazaliwa kila siku. Baba yako alizikwa mara moja."

"Kwa hiyo unachagua diwani wa kukuzika?"

"Na wewe unataka wa kunizalisha? Mimi nilishazaa, mwanangu, tena nilikuzaa wewe, nikakoma!"

Wakacheka wote wawili. Naelijwa alikuwa na kicheko cha kuanguka pembeni, anashika ukuta. Kesho yake mama alikwenda kupiga kura, akampa Sangiwa.

Sangiwa alishinda kwa kura tisa. Usiku ule watu waliimba mpaka mlangoni kwa Nesi Foibe, wakamwambia aende akazike kwao. Mwezi haukuisha, Nesi akaomba uhamisho akapata. Siku anaondoka, aliyemsindikiza ni Naelijwa peke yake, amembebea beseni la vyombo. Zahanati ikabaki na mlinzi, kufuli, na mbuzi wa mlinzi.

Miaka mitano ikapita. Sangiwa akawazika kweli. Naelijwa akaolewa, mumewe akaenda machimboni kutafuta maisha, na yeye akarudi kwa mama yake kujifungua.

Uchungu ulianza Alhamisi asubuhi. Kufuli la zahanati lilikuwa palepale. Wanaume wanne wakambeba kwenye machela kushuka barabarani, mama anakwenda pembeni ameshika mkono wake, na majirani wengi nyuma. Hawakufika. Kando ya kijito mtoto akazaliwa, wa kike, mzima, analia. Watu wakashangilia. Halafu damu haikukatika.

Kulikuwa na watu zaidi ya thelathini pale kando ya maji, wote wana mikono, na hakuna mkono hata mmoja uliojua la kufanya. Kuna sindano moja ya kusimamisha damu. Nesi Foibe alikuwa anaiweka kwenye kijisanduku chake cha baridi, kila siku ya miaka ile tisa.

"Mama, nasikia baridi," alisema Naelijwa.

Mama yake akavua kanga akamfunika. Akavua na ya pili. Saa tisa alasiri binti akanyamaza.

Jumamosi wakakusanyika kuzika. Mahali pamechaguliwa, karibu na kaburi la baba yake, migombani. Wachimbaji wamesimama na masururu yao, mume wa Naelijwa ameshafika kutoka machimboni, amekaa chini, na waombolezaji wamejaa kwenye banda la msiba. Wakamletea Mama Naelijwa jembe. Kila mtu alitegemea atasubiri diwani afike ampe, mambo yaende kama siku zote.

Hakusubiri. Alilishika jembe, akaanza kutembea nalo.

Mpaka anapiga hatua ya kwanza alidhani anajua anakokwenda. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Kajiru, akasimama mbele yake. Banda zima likanyamaza, maana ilikuwa miaka mingi jembe halijasimama mbele ya mtu ila Sangiwa.

"Shemeji," alisema Kajiru, "jembe hilo mbona unanielekezea mimi?"

"Siku ya kampeni ulisimama ukataja misiba ambayo Nesi hakuja."

"Nilitaja. Misiba kumi na tisa. Kuna hata mmoja niliodanganya?"

"Wa mume wangu uliutaja."

"Niliutaja. Hakuwepo."

"Alikuwa wapi, shemeji? Wewe si unakumbuka kila kitu?"

Mzee akatazama chini. Alikumbuka, na hiyo ndiyo taabu ya kukumbuka. "Alikuwa kwangu," akasema. "Anamzalisha mkwe wangu. Mtoto alitanguliza miguu. Alikaa naye tangu asubuhi mpaka jioni."

"Na mjukuu?"

"Yuko darasa la pili."

"Siku ya kampeni ulikuwa umemsahau?"

"Sikumsahau. Ila chama changu ni cha kuzikana, shemeji, sikuulizwa habari za kuzaliwa." Akainua uso, na sasa sauti yake ilikuwa kali kidogo. "Sikiliza. Mimi nilisema maneno. Sanduku la kura sikulibeba. Waliopiga ni mia saba na zaidi, kila mmoja aliingia peke yake na kalamu yake. Ndio wote hao hawakuwa na akili zao, mpaka unilete mimi mbele ya watu?"

 Mama Naelijwa akageuka, akaenda kwa Mwalimu Mgonja.

Mwalimu alikuwa ameshajiandaa. Alivua miwani kabla hajaulizwa. "Mimi nitoe," akasema. "Mimi sikumchagua huyo mtu."

"Ulimchagua nani, mwalimu?"

"Sikwenda."

Sasa mjue, mwalimu alizisoma karatasi zote. Alijua diwani ndiye anayekwenda kukaa kwenye baraza la halmashauri, ndiye anayepigania mkunga aletwe kata hii badala ya ile. Alijua Sangiwa akipewa makadirio ya matumizi atayashika juu chini. Alijua na Nesi Foibe ni mtu safi, lakini akamwona hana mbinu, atamezwa na wajanja huko mjini. Akakunja gazeti lake, akawaambia watu wa nyumbani kwake wote, "Msijisumbue kupanga foleni juani. Wote ni walewale."

"Wenye kadi nyumbani kwako mlikuwa wangapi?" aliuliza Mama Naelijwa.

"Kumi na wawili."

"Alishinda kwa ngapi?"

Mwalimu alivaa miwani tena. Hakuna mtu pale aliyehitaji kusaidiwa hesabu. "Tisa," akasema polepole. Kisha, "Mama Naelijwa, kutokuchagua nako ni haki ya mtu. Hawa waliomweka, wakaimba, wakamfukuza mwenzao, hao huwapi jembe? Unampa ambaye hakufanya kitu?"

Maneno yakamwingia. Akaondoka pale na jembe lake.

Nietiwe hakungoja afikiwe. Alimfuata katikati ya banda, analia, amenyoosha mikono yote miwili. "Nipe mimi, dada. Nipe nipige nipumzike."

"Kwa nini nikupe?"

Na huyu msemaji, aliyewatoa jasho maafisa, akasema kwa shida, anameza machozi kila neno la tatu. Mwaka wa pili wa udiwani wa Sangiwa, halmashauri ilileta mabati arobaini ya nyumba ya mkunga. Kuta zilikuwepo, walizijenga wenyewe kwa mawe. Barua ilisema wazi: ezekeni, tuleteeni taarifa, mkunga anakuja. Mabati yakawekwa stoo na ufunguo akapewa Nietiwe. Masika ikawa inakaribia. Kwenye mkutano wa kijiji Mzee Kajiru akatoa hoja kwamba waombolezaji wananyeshewa, ni aibu, mabati haya yaezekwe kwanza banda la msiba. Diwani akasema sawa, kama ndicho watu wanachotaka, atatafuta mengine.

"Ufunguo ulikuwa kwangu," alisema Nietiwe. "Ningesema hapana, yasingetoka. Lakini siku tatu tu nyuma Sangiwa alikuwa amemchimbia mama yangu. Malengelenge yalikuwa bado viganjani mwake, dada. Nilimtazama mikono nikashindwa kufungua mdomo. Mimi! Nikatoa ufunguo."

Mama Naelijwa akainua jembe kidogo, kama mtu anayetaka kulitua. Hapa angalau kuna mtu aliyekubali.

"Lakini dada," Nietiwe akasema, sasa kwa sauti ya chini kabisa, "sikutoa hivihivi. Tulipiga kura ya mikono. Nilisimama mbele nikawaona wote." Akafuta machozi. "Na wewe ulinyoosha."

Mama Naelijwa akatazama juu. Mabati yalikuwa pale juu ya kichwa chake, arobaini, yamepangwa vizuri, hayavuji hata tone. Akakumbuka. Alikuwa amekaa karibu na mlango. Alifikiria jinsi walivyolowa siku ya kumzika mumewe, jinsi bibi mmoja alivyopata kichomi. Akanyoosha mkono. Naelijwa alikuwa pembeni yake siku ile, na Naelijwa hakunyoosha. Alimvuta tu mama yake kanga, na mama akamwambia, "Niache."

Jamani. Kuna wakati mtu unatamani ardhi ikufunike, na pale ardhi haifuniki mtu mpaka ichimbwe.

Akawaza apige mwenyewe, yaishe. Lakini aseme nini? Mfiwa akipiga mwenyewe anasema "Simdai mtu," na huo ungekuwa uongo mkubwa mbele ya maiti ya mwanawe. Desturi haikuwa na maneno ya mzazi aliyekosea na anayedai, yote kwa pamoja. Mababu hawakuwahi kufikiria mtu wa namna hiyo.

Akiwa bado amesimama, pikipiki ikasikika. Diwani Sangiwa amefika.

Alishuka ameshafungua vifungo vya shati. Macho yake yalikuwa mekundu, na msiseme alikuwa anaigiza, hapana. Alilia kweli. Alikuwa akilia kila msiba, ndivyo alivyoumbwa. Watu wakampisha. Nyuma yake akaja mgombea mwingine, mfanyabiashara wa tangawizi aliyechukua fomu juzi, maana uchaguzi ulikuwa umebaki wiki tatu. Na yeye amekuja na chepe begani, jipya, karatasi ya dukani bado imebandikwa kwenye mpini. Huyo ndiye mpinzani. Si Nesi mwingine, si mtu wa barabara wala wa mkunga. Chepe.

Sangiwa akamfikia Mama Naelijwa, akanyoosha mikono yake mipana. "Mama yangu, pole. Pole sana. Nipe jembe. Mimi ni wa wote."

Mama hakumpa. "Mheshimiwa," akasema, "leo ukisema nisamehe, utakuwa unamaanisha nini?"

Sangiwa akababaika. "Kama siku zote, mama."

"Siku zote hukuwa umekosa. Leo je?"

Vijana wakatoa simu, wakaanza kupiga picha. Kajiru akanong'ona kwa nyuma, "Mpe, shemeji, jua linapanda." Na Sangiwa, mikono bado imenyooka, akatazama huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Hakukasirika. Ingekuwa rahisi angekasirika.

"Mama," akasema, "mimi niliwadanganya lini? Nilipanda jukwaani nikawaonyesha mikono, nikasema nitawazika. Sikusema najua mambo ya zahanati. Nesi ndiye aliyesema, na mlimsikia, mkamkataa. Nimewazika. Kuna maiti hapa niliyoikimbia? Mabati mliyataka nyie, mkanyoosha mikono. Kitu gani mlikitaka nikakataa?"

 Kwenye banda lile watu mia mbili walitazama mabati yao juu.

"Kila mwezi ulikwenda barazani," alisema Mama Naelijwa. "Miaka mitano. Hata siku moja hukusema, kwetu watu wanajifungua?"

"Hakuna aliyenituma kusema hivyo, mama."

"Ulihitaji kutumwa?"

Sangiwa akateremsha mikono. Lilikuwa swali dogo, na ndilo la kwanza kwa miaka mitano kuulizwa na mtu wa Majabali.  Halafu, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kufanya mbele ya kaburi, akanyoosha mikono tena.

Na hapo Mama Naelijwa akaona jambo lililommaliza nguvu. Aliona kwamba hata akimpa Sangiwa jembe kwa hasira, kwa kumtuhumu, kwa haki kabisa ya mababu, watu hawataona tuhuma. Wataona diwani wao amepokea jembe kama kawaida yake. Atasema nisamehe, neno alilolisema mpaka likaisha ladha. Atavua shati, atachimba, jabali litapasuka, damu itamtoka viganjani. Mwanamke mmoja mahali fulani pale kwenye umati ataitazama damu hiyo, na baada ya wiki tatu ataikumbuka. Alimjua mwanamke huyo. Alikuwa yeye.

Akimnyima, mwenye chepe jipya ameshasogea hatua mbili.

Akimpa Kajiru, ni maneno tu aliyosema. Akimpa mwalimu, hakufanya kitu. Akimpa Nietiwe, ameomba mwenyewe, na anayekubali kosa ndiye abebe la wote? Akipiga yeye, atamwacha kila mtu anywe uji wake na aende nyumbani kwa amani, na ndivyo walivyoishi miaka yote tangu Sangiwa alipolishika jembe mara ya kwanza.

Ndani ya nyumba kichanga kikaanza kulia. Kilikuwa na siku mbili, hakina jina bado. Mkwewe Mwalimu Mgonja ndiye aliyekuwa anakibembeleza, dada mmoja mpole, amekaa mkao wa kuegemea, maana na yeye tumbo lake lilikuwa la miezi minane.

Mama Naelijwa akasikia sauti ile. Akalikaza jembe mkononi, akainua uso akawatazama wote: mwenye kumbukumbu, mwenye kusoma, mwenye kusema, mwenye mikono. Wote wakamtazama yeye. Jua lilikuwa limefika utosini, na Naelijwa bado yuko ndani, anasubiri shimo.

Mimi hadithi yangu nimeiacha hapo. Najua mnataka nimsogeze hatua moja, kulia au kushoto. Nimejaribu, nawaapia. Kila nikimsogeza anarudi alipokuwa. Basi kazi ni yenu, wewe mwenye simu, na wewe unayemtazama mwenzako ajibu kwanza.

Je, wewe ungempa nani lile jembe? Na ukishampa, baada ya wiki tatu, kura ungempa nani?